Lugha ya Nyumbani na Swali Lisiloulizwa

Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii twaijua sote, na aghalabu huitumia tunapozungumzia adabu na tabia. Ni nadra kuitumia tunapozungumzia lugha, ilhali lugha nayo ni malezi. Mtoto hulishwa lugha kabla hajajua kushika kijiko, naye hukua kwa kadiri ya alicholishwa. Katika makala haya nanuia kukizungumzia chakula hicho kama kilivyopakuliwa katika nyumba moja ninayoijua vyema, nyumba yetu ya Kawangware, jijini Nairobi. Ninanuia pia kuihoji imani iliyoenea miongoni mwa wazazi wengi nchini, kwamba njia ya pekee ya mtoto kukifikia Kiingereza ni kuzifukuza nyumbani lugha nyingine zote.

Nisieleweke visivyo. Sikibezi Kiingereza, wala sijiungi na wale wanaokitukana mchana na kukitumia usiku kuandika barua za kuomba kazi. Kiingereza ni lugha rasmi ya Jamhuri yetu sambamba na Kiswahili, kwa mujibu wa Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010, na mtoto wa Kenya ana haki ya kukijua barabara. Swali langu ni jepesi zaidi ya hilo: je, nyumba yaweza kumpa mtoto lugha ambayo yenyewe haina?

Fikra hizi zilichochewa na simu niliyopigiwa miaka michache iliyopita na binamu yangu aishiye katika jimbo la Minnesota, Marekani. Alikuwa amepokea hojaji ya Ofisi ya Sensa ya nchi hiyo. Hojaji hiyo hutumwa kila mwaka tangu 2005, na siku hizi hufikishwa kwenye takriban anwani milioni 3.5 kwa mwaka. Miongoni mwa maswali yake mengi mna matatu yahusuyo lugha, nayo huulizwa juu ya kila mtu aliyetimiza umri wa miaka 5. La kwanza: je, mtu huyu huzungumza nyumbani lugha nyingine isiyokuwa Kiingereza? La pili: lugha hiyo ni ipi? La tatu: mtu huyu huzungumza Kiingereza kwa kiwango gani; vizuri sana, vizuri, si vizuri, au hazungumzi kabisa?

Binamu yangu alikuwa amekwama kwenye la pili. Nafasi iliyoachwa ilikuwa ya lugha moja. "Wewe ndiwe msomi wa lugha katika ukoo," akaniambia. "Niandike nini hapa? Mimi na shemeji yako twasemezana kwa Kiswahili, watoto wananijibu kwa Kiingereza, na mama akinipigia simu kutoka Maragoli hakuna lugha nyingine ila Kimaragoli. Sasa lugha ya nyumba hii ni ipi?"

Nilimshauri aandike Kiswahili, maadamu ndicho kilichotawala mezani pake. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba katika majedwali yanayochapishwa, Kiswahili huwekwa katika fungu moja na lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini. Hata angaliandika Kimaragoli, basi, kingalitiwa katika kapu lile lile. Tulicheka sana siku hiyo.

Hata hivyo, hojaji hiyo ina hekima yake. Haikubuniwa kumwaibisha asiyejua Kiingereza. Tangu sheria ya haki ya kupiga kura ya nchi hiyo ilipofanyiwa marekebisho mwaka wa 1975, takwimu za namna hiyo hutumika kuamua ni maeneo gani yanayopaswa kuwaandalia baadhi ya jamii ndogo karatasi za kura na msaada kwa lugha zao. Hapo aliyeandika kwamba hazungumzi Kiingereza kabisa hahukumiwi. Swali limeulizwa ili ahudumiwe.

Lakini kuna jambo moja lililoninyima usingizi. Anayejibu "la" katika swali la kwanza, yaani asiyezungumza nyumbani lugha yoyote isipokuwa Kiingereza, haulizwi hayo mawili yaliyosalia. Hojaji humruka. Huchukuliwa kwamba anakijua Kiingereza kwa kuwa hana kingine. Katika nchi ambamo watu wengi huzaliwa ndani ya Kiingereza, na mama zao wakabembelezwa kwacho, huenda dhana hiyo isiwe na dosari kubwa. Basi nikajiuliza: hojaji hii ikiletwa Kawangware, ikabishwa kwenye mlango wetu, itaona nini? Na itamruka nani?

Nianze na Guku. Hivyo ndivyo tumwitavyo nyanya huko kwetu Maragoli, katika Kaunti ya Vihiga, ambako sensa ya 2019 ilihesabu watu wapatao 590,000 katika eneo dogo lenye mashamba yaliyokatwakatwa hata mengine yakawa ya kulima migomba michache na mboga za kienyeji tu. Guku alikuwa mfuasi wa kanisa la Quaker, ambalo wamishonari wake walifika Kaimosi mwaka wa 1902. Lugha yake ilikuwa Kimaragoli, ambacho wenyewe hukiita Lulogooli. Kiswahili alikuwa nacho cha kununulia chumvi. Kiingereza hakuwa nacho. Mbele ya hojaji, majibu yake yangekuwa: ndiyo, Kimaragoli, hazungumzi kabisa. Angewekwa safu ya mwisho kabisa ya jedwali.

Na bado Guku alikuwa msomaji. Kila asubuhi alifungua Biblia yake ya Kimaragoli, ambayo tafsiri yake kamili ilitoka mwaka wa 1951, akasoma kwa sauti huku kidole kikifuata mistari. Alijua ngano, vitendawili, majina ya miti na magonjwa ambayo kila mmoja hutibu. Majirani walipogombania mpaka, walimwita. Alisikiliza pande zote, akatoa methali moja, na aliyekuwa na makosa akajijua. Huo ni umilisi wa lugha wa daraja ambalo wengi wetu wenye shahada hatujalifikia, lakini hojaji isingekuwa na mahali pa kuuandika.

Baba ni fundi wa mabomba. Alikuja Nairobi akiwa kijana. Kwa Guku aliongea Kimaragoli, kwa mama huongea Kiswahili, na kwa wenye nyumba anakofanya kazi huongea Kiingereza cha vipimo na bei. Angejiwekea alama kwenye "vizuri," na si uongo, kwa sababu katika mambo ya mifereji na matangi hakuna neno la Kiingereza linalompiga chenga. Mtoe hapo, mwombe akusimulie kwa Kiingereza jinsi alivyoikosa nafasi ya kuingia shule ya upili, atanyamaza.

Mama alizaliwa Limuru katika nyumba ya Kigikuyu. Anauza mboga kando ya barabara, na kwa miaka mingi Kiswahili ndicho kilichomlea na kumlisha, pamoja na sisi. Kiswahili chake si cha vitabu. Ngeli zake zingemfanya mwalimu wa sarufi ajikune kichwa. Lakini mama ana ulimi! Mteja aliyekuja kununua kitunguu kimoja huondoka na fungu la sukuma na nyanya tatu, akicheka njia nzima. Akija mkwe kutoka Maragoli humwamkia kwa Kimaragoli alichojifunza jikoni mwa Guku. Dada zake wakija nyumba hugeuka Limuru. Kwenye swali la tatu, mama angejaza "si vizuri."

Mimi nilizaliwa katika mseto huo. Nilianza darasa la kwanza mwaka wa 2003, pale elimu ya msingi bila malipo ilipoanzishwa na madarasa yakafurika hata tukaketi sakafuni. Nyumbani nilizungumza Kiswahili, vichochoroni Sheng, na likizo zikifika nilipelekwa kwa Guku nikarudi na Kimaragoli kinywani na funza vidoleni. Kiingereza nilikikuta shuleni. Leo, kwenye swali la tatu, ningejiwekea alama ya "vizuri sana," na mtihani wa taifa uliniunga mkono. Sikukipata kwa kuvinyima nafasi hivyo vingine. Nilikipata nikiwa tayari najua kisa huanzaje na huishaje, kwa kuwa Guku na mama walikwisha kunifunza hayo kwa lugha zao.

Kisha yupo dada yangu mdogo, kitinda mimba, aliyezaliwa mwaka wa 2010. Huyu ndiye aliyenifanya niishike kalamu.

Alipokuwa katika shule ya chekechea ya binafsi, mwalimu wake aliwatumia wazazi ujumbe. Ulisema kwamba mtoto anachelewa darasani kwa kuwa nyumbani anachanganyiwa lugha, na kwamba kuanzia siku hiyo asemezwe kwa Kiingereza pekee. Baba aliusoma ujumbe huo mezani kwa sauti, kama asomaye hati ya mahakama. Mama aliitikia kwa kichwa. Wazazi wetu walikuwa wakijinyima ili kulipa karo ya shule hiyo, na mtu anayejinyima hivyo hawezi kubishana na mwalimu.

Haifai kumlaumu mwalimu huyo peke yake, kwa sababu wazo lake lina historia ndefu. Ni kweli kwamba Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka wa 1924, ilipendekeza lugha za kienyeji zitumike katika madarasa ya mwanzo. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1950 ulianzishwa mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na Tume ya Ominde ya 1964 ikauunga mkono. Kamati ya Gachathi ya 1976 ilirudisha lugha ya eneo la shule katika madarasa matatu ya mwanzo na kupendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima, jambo lililotiwa nguvu na mfumo wa 8-4-4 mwaka wa 1985. Mtaala wa umilisi ulipoenezwa kote nchini mwaka wa 2019, ulizipa lugha za kiasili nafasi katika gredi za mwanzo. Kwa maandishi, basi, sera yetu si mbaya. Lakini sera haina ufunguo wa mlango wa nyumba. Mzazi haongozwi na ripoti za tume. Huongozwa na hofu, na hofu hiyo ilipandwa wakati wanafunzi walipokuwa wakivishwa kibao shingoni kwa kunaswa wakisema lugha ya mama, jambo ambalo Ngũgĩ wa Thiong'o alilisimulia katika kitabu chake cha 1986. Wazazi waliovishwa kibao hicho utotoni walikibeba hadi kwenye nyumba zao wenyewe.

Sasa, msomaji, nikualike kwenye meza yetu katika miaka hiyo. Dada yangu anaingia. Baba anamwambia kwa Kiingereza: njoo. Keti. Kula. Mama anamwambia: nawa mikono. Fanya kazi ya shule. Lala. Asubuhi: amka, oga, harakisha, utachelewa. Akikosa: acha, nyamaza, usirudie. Siku moja niliyahesabu maneno ambayo mama alimwambia tangu magharibi hadi wakati wa kulala, nayo hayakufika arobaini, na takriban yote yalikuwa amri.

Hicho ndicho kilichokuwa Kiingereza cha nyumbani kwetu. Hakikuwa na ngano, wala utani, wala ugomvi wenye hoja. Mama, yule yule aliyeweza kumchekesha mpita njia akanunua mboga asizozihitaji, alikuwa bubu mbele ya binti yake. Nilimwona mara nyingi akianza sentensi, akaikata katikati kwa kukosa neno, akaimaliza kwa kumkabidhi mtoto kijiko. Dada yangu alikua akidhani kwamba mama yake ni mtu wa maneno machache. Na maneno hayo machache, hayakuwa nayo wazazi kwa wingi zaidi. Walikuwa wamempa yote waliyokuwa nayo katika lugha hiyo, huku ghala zilizojaa za Kimaragoli, Kigikuyu na Kiswahili zikifungwa kwa kufuli.

Na je, Kiingereza chenyewe kilipatikana? Kwa matamshi, naam. Majirani walimsifu, wakisema anaongea kama watangazaji wa runinga. Ripoti za shule nazo zilisifu usomaji wake wa sauti. Ila ilipofika insha, alama zilianguka. Aliandika nusu ukurasa akasimama. Mwalimu mmoja aliandika kwamba mtoto huyu hana mawazo. Sikukubali. Nilimjua dada yangu kuwa mdadisi tangu angali mchanga. Alichokosa ni mazoea ya kuyafuma mawazo kwa lugha, kwa kuwa hakuna mtu aliyekuwa amemsimulia jambo tangu mwanzo hadi mwisho kwa lugha aliyoruhusiwa kuisikia.

Wataalamu wamelieleza hili kwa istilahi zao. Mwaka wa 1979 Jim Cummins alitoa hoja kwamba umilisi wa mtoto katika lugha ya pili hutegemea kwa kiasi fulani umilisi aliokwisha kuupata katika ile ya kwanza, kwa sababu stadi za kina, kama vile kupanga hoja na kuelewa kisa, huhama kutoka lugha moja hadi nyingine. Huko Nigeria, mradi wa Ife ulioanza mwaka wa 1970 chini ya Babatunde Fafunwa uliwafundisha watoto kwa Kiyoruba muda wote wa miaka sita ya shule ya msingi, na Kiingereza kikawa somo lenye mwalimu wake. Watoto hao hawakuachwa nyuma katika Kiingereza na wenzao waliofundishwa kwacho, na katika masomo mengine walifanya vyema zaidi. Anayedhani kwamba lugha ya mama hula nafasi ya Kiingereza kichwani mwa mtoto na aupitie mradi huo.

Najua pingamizi litakalotolewa. Kuna nyumba hapa Nairobi ambamo baba na mama wana Kiingereza kilichokomaa, na watoto wao husimuliwa, hutaniwa na kukaripiwa kwacho bila kigugumizi. Sina ugomvi na nyumba hizo kuhusu Kiingereza, ingawa ningependa watoto wao wapate pia cha bibi na babu zao. Hoja yangu ni kwamba nyumba humjenga mtoto kwa lugha ambayo wakubwa wake wanaweza kufikiri, kucheka na kuhuzunika kwayo. Kwa wazazi wangu lugha hiyo haikuwa Kiingereza. Pingamizi la pili huulizwa na waliooana kutoka jamii tofauti: lugha ya mama ya nyumba yetu ni ipi, Kimaragoli au Kigikuyu? Jibu li wazi kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, lakini wengi hawalioni. Kwa nyumba kama yetu Kiswahili si lugha ya kigeni wala ya kusomea mtihani tu. Ndicho walichoposana kwacho wazazi wangu. Ukikifukuza, umeifukuza lugha ya pekee ambayo mume na mke wote wawili waweza kuitumia kumlea mtoto.

Basi, hojaji ile ingemkuta dada yangu namna gani? Je, huzungumza na wazazi wake lugha nyingine isiyo Kiingereza? La. Asante, hatuna swali jingine. Angewekwa katika safu ya heshima kuliko wote, juu ya baba, juu ya mama, juu yangu. Yeye aliyekuwa na njaa kuliko sote ndiye angerukwa, kwa kudhaniwa kuwa ameshiba.

Mwaka wa 2021 Guku aliugua, akaletwa Nairobi. Nilimpeleka katika hospitali moja ya umma. Daktari, kijana wa rika langu, aliuliza kwa Kiingereza. Muuguzi alijaribu Kiswahili. Guku alinitazama mimi. Nikawa mkalimani, kazi niliyoifurahia mpaka daktari alipouliza maswali ya mwili wa kike. Guku aliinamisha kichwa. Kuna maneno ambayo ajuza wa Kimaragoli hamwambii mjukuu wa kiume, hata kwa ajili ya kuokoa roho. Aliyetunusuru ni mama mmoja aliyekuwa akipiga deki ukumbini. Alisikia mwamkio wetu, akaegemeza ufagio ukutani, akasema yeye ni wa Vihiga, nami nikaombwa nitoke nje. Katika dakika kumi daktari alipata alichokikosa kwa saa nzima.

Tangu siku hiyo nimefikiri mara nyingi juu ya sensa yetu wenyewe. Ile ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6 na kutangaza hesabu ya kila kabila. Sisi Waluhya tulikuwa takriban milioni 6.8. Lakini kabila si lugha. Guku na dada yangu walihesabiwa katika fungu moja, ilhali hawangeweza kuombana maji ya kunywa. Tukijua nani huzungumza nini nyumbani, na nani haelewi lugha rasmi, tungejua zahanati ipi yahitaji mkalimani, ili mgonjwa asitegemee bahati ya kumpata mwenye ufagio.

Guku alikaa nasi miezi minne, akilala chumba kimoja na dada yangu. Siku za kwanza walitazamana tu. Usiku mmoja Guku, kwa kushindwa kuvumilia kimya, alianza ngano ya zimwi lililonywa maji ya mto hadi ukakauka. Niliketi mlangoni nikiitafsiri kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Kiswahili dada yangu alikuwa nacho, alikiokota kwa watoto wa jirani. Usiku wa pili mama akaacha vyombo jikoni akaja kusikiliza, na ngano ilipokwisha akasema kwao Limuru zimwi hilo lilikuwa na mdomo wa pili kisogoni. Akasimulia kwa Kiswahili chake cha sokoni, kwa mikono na macho, na dada yangu akamkodolea macho kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kumwona. Baba alikuwa sebuleni. Hakusema lolote kuhusu ujumbe wa mwalimu. Baada ya wiki chache nilimsikia dada yangu akicheka kabla sijatafsiri.

Muhula huo aliandika insha ya Kiingereza iliyojaza kurasa mbili na nusu, juu ya zimwi na mto. Makosa ya sarufi yalikuwa mengi kuliko ya awali, kwa sababu aliyeandika mengi hukosea mengi. Mwalimu aliyasahihisha kwa wino mwekundu, kisha akaisoma insha hiyo mbele ya darasa. Sidai kwamba Kimaragoli kilimfundisha Kiingereza. Nadai kwamba kilimpa cha kusema, na mwenye cha kusema hutafuta maneno mpaka akayapata.

Guku alifariki mwaka wa 2022 na kuzikwa Maragoli. Pale matangani dada yangu aliwaamkia mashangazi kwa Kimaragoli cha kubabaikababaika, wakamkumbatia wakilia. Wakati wa kurudi Nairobi alinyamaza mwendo mrefu, kisha akaniuliza iwapo nilikuwa nimezinakili ngano zote za Guku. Nilikuwa nimenakili saba. Alikuwa nazo nyingi zaidi. Miaka kumi na miwili yeye na Guku walikuwa hai pamoja. Miezi minne na simu chache tu ndizo walizosemezana. Hasara hiyo hakuna mtaala utakaoilipa, wala haionekani katika ripoti ya shule ya mtoto yeyote.

Ninaandika haya kwa wanachama wenzangu kwa kuwa wengi wetu tutakuwa walimu, na baadhi yetu wameshakuwa. Siku moja mzazi atakujia, aliyejinyima kama wazazi wangu, akuulize amsemeze mtoto wake lugha gani nyumbani ili afaulu Kiingereza. Usimpe amri. Muulize kwanza yeye hucheka kwa lugha gani, hugombana kwa lugha gani, na alisimuliwa kwa lugha gani alipokuwa mdogo. Akikujibu, mwambie amsemeze mtoto kwa hiyo, asimwonee haya, na amwachie mwalimu kazi ya Kiingereza, maana ndiyo anayolipwa kwayo. Na wewe, mwalimu, uifanye kazi hiyo barabara, ili mzazi asijutie kukuamini.

Chama chetu nacho kina kazi. Kila likizo tunatawanyika kote nchini, na katika nyumba nyingi tunakokwenda kuna mzee mmoja ambaye wajukuu hawawezi kumsemeza. Kila mmoja wetu na akae naye, amnakilie ngano moja kwa lugha yake, aitafsiri kwa Kiswahili, na tuzichapishe katika jarida hili kwa lugha zote mbili. Mimi naanza na zile saba za Guku. Dada yangu, ambaye sasa yumo katika shule ya upili, ameniomba nimwachie tafsiri ya ile ya zimwi, nami nimemwachia.